Daktari, Viza na Ndoa: Nani Atabaki Lushoto?

Ukitoka Mombo kupanda Lushoto ni kama kilometa 33 tu, lakini kona zile, msomaji wangu, zina hesabu yake. Joto la bondeni unaliacha chini, pale Soni unanunua peasi dirishani, na ukishuka stendi ya Lushoto mwezi wa saba unatafuta sweta kabla hujatafuta bodaboda. Huko ndiko anakoishi dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwenye ukoo wetu hatumwiti jina tena. Tunamwita Daktari. Hata bibi aliyemlea anamwita Daktari.

Nilipanda kwenda kumpa pole. Safari yake ya Uingereza ilikuwa imekwama ikiwa imebaki karatasi moja, na habari zilizonifikia Dar zilisema nyumbani kwake mambo hayakuwa shwari. Ninaandika haya kwa ruhusa yake. Sharti ni moja, nisitaje jina lake, la shemeji, wala la hospitali anayofanyia kazi.

Tuanze mwanzo. Daktari alisomea udaktari China, miaka sita, kwa pesa za shamba aliloliuza mama mkubwa huku akitukanwa na nusu ya ukoo. Aliporudi na shahada yake, akadhani kazi imekwisha. Wapi! Mtanzania aliyesomea udaktari nje haingii wodini moja kwa moja. Kwanza anakaa mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika, akifaulu ndipo anapangiwa hospitali ya mafunzo ya vitendo kwa mwaka mzima, halafu ndipo anasajiliwa. Wapo wenzake walioushindwa mtihani huo mara mbili, mara tatu, wakaishia kufungua maduka ya dawa. Kwa hiyo ukimwambia Daktari kwamba Waingereza wanamsumbua kwa kuwa si zao la vyuo vyao, anacheka. "Mdogo wangu," aliniambia, "hata kwetu nilikuwa mgeni kwanza."

Kwa nini basi aende? Najua jibu unalolifikiria: mshiko. Pesa ipo, hatudanganyani. Lakini kuna kitu kingine ambacho sisi tunaokwenda hospitali mara moja kwa mwaka hatukioni. Daktari anataka kuwa bingwa wa magonjwa ya akina mama na uzazi. Huko milimani mama akizidiwa anashushwa kwa gari la wagonjwa hadi Bombo, Tanga, au anapelekwa KCMC, Moshi. Mvua ikinyesha barabara za huko juu zinateleza kama sabuni. Daktari amekaa nyuma ya gari hilo usiku mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Akasema anataka ajifunze mahali ambapo vifaa vipo na walimu wapo, kisha atajua mwenyewe atarudi lini.

Shemeji ni mwalimu wa hesabu. Walioana miaka mitano iliyopita na wana binti wa miaka minne. Kumbuka huyo binti, atarudi kwenye stori hii akiwa na bei yake.

Viza kabla ya viza

Watu wengi wanadhani kwenda Uingereza kama daktari ni kupata barua ya kazi na kupanda ndege. Hebu fuatana nami kidogo. Kwanza ni Kiingereza. Baraza la madaktari la Uingereza, GMC, linataka alama 7.5 kwa ujumla katika mtihani wa IELTS, na isipungue 7.0 katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea. Mtu aliyesoma udaktari wote kwa Kiingereza anaweza kupata 8 kwenye kuongea na 6.5 kwenye kuandika, akalipia tena mtihani mzima. Kisha shahada yenyewe inapelekwa kuhakikiwa hadi chuoni ilikotoka. Kisha PLAB.

PLAB ina sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali 180 kwa saa tatu, unaweza kuifanyia nje ya Uingereza, na ada yake imevuka paundi 250. Ya pili ni ya vitendo, unamhudumia mgonjwa wa kuigiza mbele ya msimamizi, na hiyo inafanyika mji mmoja tu duniani: Manchester. Ada yake inakaribia paundi 1,000, yaani zaidi ya shilingi milioni tatu, kabla hujakata tiketi wala kulala gesti.

Na kufika Manchester unahitaji viza ya matembezi. Hapo ndipo wengi wa kwetu wanapokwama. Afisa anataka kuona kwamba utarudi nyumbani, wakati wewe unakwenda kufanya mtihani ambao sababu yake nzima ni kutaka kuhamia kwake. Lazima ueleze ukweli wote na bado uaminike. Daktari alikwenda na barua ya mwajiri, hati ya nyumba ya baba mkwe, cheti cha ndoa na taarifa ya benki ya miezi sita. Akapewa. Alifaulu. Na hata ukifaulu, viza ya matembezi huwezi kuigeuza ya kazi ukiwa kule kule. Unarudi kwenu, unaanza kuomba kazi ukiwa kwenu, na viza ya kazi unaiombea kwenu.

Akasajiliwa na GMC. Kwa hilo naye alihitaji cheti cha mwenendo mwema wa kitaaluma kutoka Baraza la hapa nyumbani, na cheti hicho kikizidi miezi mitatu GMC hawakipokei. Kariri hiyo miezi mitatu.

Udhamini

Tangu Agosti 2020 Uingereza ina viza maalumu ya watumishi wa afya. Kwa kweli ni nafuu kuliko viza nyingine za kazi: ada yake ni ndogo, kama paundi 300 kwa miaka mitatu, na mwenye viza hiyo pamoja na familia yake hawalipi ile tozo kubwa ya matibabu wanayolipa wengine. Lakini mlango wake una ufunguo mmoja tu, na ufunguo anao mwajiri. Hospitali yenye leseni ya kudhamini ndiyo inayokupa cheti cha udhamini. Wala si cheti cha kuweka kwenye fremu. Ni namba tu ya kwenye kompyuta. Ukishapewa una miezi mitatu ya kuwasilisha ombi la viza, isipokuwa hivyo namba inakufa.

Daktari aliomba kazi kwa miezi kumi na moja. Kuna wakati Uingereza ilikuwa inawavuta madaktari kwa kamba, sasa foleni imejaa. Mwaka 2025 waombaji zaidi ya 30,000 waligombea nafasi kama 10,000 za mafunzo ya ubingwa, na Julai mwaka huo serikali ya huko ikatangaza katika mpango wake wa miaka kumi wa afya kwamba wahitimu wa vyuo vya Uingereza watatangulizwa. Kwa hiyo daktari wa nje anagombea zile nafasi za kawaida zisizo za mafunzo, na nafasi moja inaombwa na mamia. Alisailiwa mara nne kwa video, mara moja akiwa amesimama juu ya jiwe nyuma ya nyumba kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Ya nne akapata. Hospitali ya kaskazini mwa Uingereza, mkataba wa miaka miwili. Namba ya udhamini ikaingia mwezi wa tisa.

Nyumbani walichinja kuku. Na hapo ndipo ndoa ilipoingia majaribuni.

Niseme kwanza jambo ambalo mawakala wa mitaani wanalipotosha. Machi 2024 waliokuwa wakienda Uingereza kulea wazee walikatazwa kuchukua mume, mke wala watoto. Madaktari hawamo kwenye katazo hilo. Daktari anaweza kwenda na familia, na mwenzi wake anaruhusiwa kufanya kazi. Ila kila kichwa kinalipiwa ada yake ya viza, na usipodhaminiwa na mwajiri kwa gharama za kuanzia maisha lazima uonyeshe fedha zilizolala benki siku 28: paundi 1,270 za mwombaji, 285 za mwenzi, 315 za mtoto wa kwanza. Ndiyo bei ya binti niliyokuambia.

Wakakaa na kalamu. Kwenda wote, au aende mmoja? Bibi alisema mwanamke haendi ng'ambo peke yake akaacha mume, dunia itamla. Baba mkwe alisema mwanamume hafuati mkewe kama mkoba. Shemeji, na hapa nampigia saluti, alisema yeye atafuata. Akaandika barua ya kuacha kazi katika shule binafsi aliyokuwa akifundisha. Akauza pikipiki. Mbele ya baba yake mzazi alitamka kwamba kama ni kulea mtoto Uingereza huku mke yuko zamu, atalea.

Unajua kilichowaangusha? China.

Anayeomba viza ya kufanya kazi hospitalini lazima alete hati ya polisi ya kutokuwa na hatia ya jinai kutoka kila nchi aliyokaa miezi 12 au zaidi katika miaka kumi iliyopita, akiwa mtu mzima. Mwenzi anayemfuata naye hivyo hivyo. Ya Tanzania waliipata: alama za vidole, ada, kusubiri, basi. Ya China Daktari hakuwa ameifikiria kabisa. Alikuwa mwanafunzi huko, viza yake ya masomo ilikuwa imeisha miaka mingi, wenzake wote walikuwa wametawanyika. Aliandikia chuo, wakamwambia aende polisi wa mji ule. Polisi wa mji ule wanataka mtu afike au atume mwakilishi mwenye idhini iliyothibitishwa. Idhini inahitaji mihuri. Mihuri inahitaji Dar. Kila safari ya Dar ni siku mbili za ruhusa kazini, na mganga mkuu wake alishaanza kununa.

Mwezi wa kumi ukaisha, wa kumi na moja ukaisha. Kipimo cha kifua kikuu walishapima wote. Hati ya China ilifika wiki mbili baada ya namba kufa. Akaiandikia hospitali kuomba udhamini mpya. Wakajibu kwa heshima kubwa sana kwamba wanasikitika, nafasi imeshajazwa.

Usiku ule, Daktari aliniambia, shemeji hakusema neno. Alitoka nje akakaa kwenye kibaraza na baridi yote ile hadi alfajiri. Kesho yake pia hakusema. Ikawa wiki. "Hakunilaumu hata siku moja," alisema dada yangu. "Afadhali angenilaumu." Yeye naye akawa anaomba zamu za usiku ili asirudi nyumbani akakuta ukimya. Kazi yangu imenipeleka kwenye migogoro mingi ya wapenzi, ya fumanizi, ya michepuko, ya simu zenye namba ya siri. Huu ulikuwa mgogoro ambao hakuna aliyekosea, na sijui kama kuna ushauri wa gazeti unaoutibu.

Tumewahi kuwaona hawa

Daktari wa Kitanzania kukwamia mpakani si jambo jipya. Unakumbuka 2017? Madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017. Serikali ya Kenya ikaja kuomba madaktari kwetu, na Machi 2017 Rais Magufuli akakubali kuwapa 500. Kwetu watu walishangaa: sisi tuna madaktari wa ziada? Hatukuwa na ziada ya madaktari, tulikuwa na madaktari waliosomeshwa wakakosa ajira, wamekaa kwa wazazi wao. Wakaomba, 258 wakakidhi vigezo. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani kupinga, mahakama ikazuia. Mwezi Aprili, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akatangaza kwamba Rais ameamua wale 258 waajiriwe hapa hapa nyumbani, pamoja na wengine 11. Wapo waliokwenda kulala wakijiandaa kwa Nairobi, wakaamka wamepangiwa wilaya za Tanzania.

Uingereza yenyewe iliwahi kuwafanyia madaktari wa nje kitu kibaya zaidi. Aprili 2006 iliondoa ghafla utaratibu uliowaruhusu kupata mafunzo bila kibali cha kazi, na maelfu, wengi wao Wahindi, wakajikuta katikati ya mafunzo hawana pa kusimama. Chama chao, BAPIO, kilikwenda mahakamani, na mwaka 2008 majaji wa ngazi ya juu kabisa wakasema maelekezo yale ya Wizara ya Afya hayakuwa halali. Wengi walikuwa wamesharudi kwao. Mwaka 2018 tena, ukomo wa idadi ya viza za kazi uliwazuia madaktari ambao hospitali zilishawaajiri, hadi Juni mwaka huo serikali ikatangaza kuwatoa madaktari na wauguzi kwenye ukomo.

Na Marekani? Rafiki yake Daktari waliyesoma naye China alikwenda huko kwa viza ya J-1. Hiyo inampa mafunzo, lakini ikiisha sheria inamtaka arudi kwao miaka miwili kabla ya kuomba kubaki, labda apate msamaha kwa kukubali kufanya kazi kwenye maeneo yenye uhaba wa madaktari. Kila jimbo lina nafasi 30 za msamaha huo kwa mwaka. Cha kuchekesha ni kwamba maeneo hayo nayo ni ya vijijini, mengine hayana tofauti sana na Mlalo ukitoa baridi. Njia ya H-1B nayo, tangu Septemba 2025, imewekewa malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya kutoka nje. Hospitali gani itakulipia hizo?

Nilimuuliza Daktari swali ambalo nadhani hata wewe unalo. Je, wagonjwa wa Lushoto? Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza inaifuata orodha hiyo: waajiri wao hawaruhusiwi kuja kututongozea madaktari. Lakini daktari akiomba mwenyewe, anapokelewa. Maana yake katazo linamzuia anayechukua, halimzuii anayeondoka, wala halimpi sababu ya kubaki. Mimi nadhani hiyo ni haki yake. Dada yangu alijibu kwa ukali kidogo: "Waliosoma na mimi wako mtaani hawana ajira. Nikiondoka, nafasi yangu itajazwa kesho asubuhi, wakiamua kuijaza." Kisha akanyamaza, akaongeza kwamba kuna mama mmoja wa Bumbuli anayempigia simu kila mimba, na hajui huyo atamwambia nini.

Na tusisahau kwamba milima hii nayo inapokea. Hospitali za kanisa huku Usambara zimepokea madaktari kutoka Ujerumani na kwingineko kwa vizazi. Siku hizi nao wana karatasi zao: kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi, ambacho madaktari wamewekewa daraja B chini ya sheria ya 2015, kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, na usajili wa Baraza la Madaktari. Mzungu naye anapanga foleni. Daktari anasema anaifurahia sana hiyo.

Kabla hujamwamini wakala

Kidogo kwa wewe unayejiandaa, au ambaye mpenzi wako anajiandaa. Namba ya udhamini hainunuliwi. Anayekuambia umtumie milioni nane akupatie cheti cha udhamini ni tapeli, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi. Serikali ya Uingereza inachapisha orodha ya waajiri wote wenye leseni, inasomwa bure. Soma mkataba ujue ukiacha kazi mapema utadaiwa nini. Na jueni wote wawili kwamba mdhamini akikuacha au ukimwacha, kwa kawaida mnapewa siku 60 kupata mwingine au kuondoka, ninyi na mtoto. Mei 2025 serikali ya kule ilitangaza pia nia ya kurefusha muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo ile ya "twende miaka mitano tupate makaratasi turudi" msiipangie harusi.

Hati za polisi ziombeni kabla ya kuomba kazi. Hiyo ni ya Daktari mwenyewe, kaniambia niiandike.

Sasa turudi kibarazani. Shemeji hakurudishiwa kazi, shule ilishaajiri mwingine. Anafundisha tuisheni nyumbani jioni, watoto kumi na wawili sebuleni, na asubuhi ndiye anayempeleka binti shule kwa miguu. Kumbe ule ulezi alioapa kuufanya Uingereza anaufanya hapa hapa. Wameanza kuongea. Ilianza, Daktari anasema, siku aliporudi kutoka zamu saa kumi na mbili asubuhi akakuta maji ya moto kwenye ndoo na shemeji amelala kwenye kiti na daftari la hesabu kifuani.

Usiku wa mwisho wa ziara yangu tulikuwa tunakula, ugali wa moto na mboga za majani, simu ya Daktari ikalia. Barua pepe ya GMC. Ada ya mwaka ya kubaki kwenye daftari lao, ilipwe kabla ya tarehe fulani. Akaisoma, akaigeuza simu kifudifudi mezani. Shemeji akamuuliza ni nini. Akamwambia.

"Lipa," akasema shemeji.

"Na ada ya mtoto shule?"

"Hiyo ya Septemba. Hii ya lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Akanawa mikono, akaenda chumbani, akarudi na lile daftari lake la tuisheni ambalo nyuma yake ameandika majina ya wazazi wanaomdai na anaowadai. Wakaanza kuhesabu. Mimi nikaondoa vyombo.